Maziwa Hayanyimwi Njiani

Watu wa mji wetu wakikuambia kwamba ile njia ya baiskeli inayopita nyuma ya vilima, kutoka upande wa barabara ya Oldonyiro mpaka Isiolo mjini, ilitengenezwa na shemeji yangu, usiwaamini. Shemeji yangu hakutengeneza njia. Shemeji yangu hata kitanda alicholalia alikuwa hatandiki. Njia ile niliitengeneza mimi, kwa magurudumu mawili na mitungi miwili ya maziwa ya ngamia, miaka ya sabini ikielekea mwisho, na kila nikisikia ikiitwa kwa jina lake damu inanichemka.

Mimi ni mtoto wa mjini. Babu yangu aliletwa na jeshi la mkoloni, akapewa koti na kuachwa hapa, na mtaa wetu ulikuwa wa watu kama yeye, wauza duka na madereva wa malori. Karibu kila nyumba ilikuwa na baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama mlango wa jela. Sisi wasichana tulijifunza kuiendesha tukiwa hatufiki hata kwenye siti, mguu mmoja tumeupenyeza chini ya bomba la juu, mwili umekaa upande kama nguo iliyoanikwa. Ukivunja ungo unaambiwa basi, shuka. Nilishuka. Lakini miguu haisahau.

Niliolewa na dereva wa lori la Merti. Akiondoka, mimi na upweke. Mama yake aliishi huko vilimani na ngamia wake na wachungaji wawili, naye alikuwa mwanamke wa maneno machache. Wachungaji wakikamua alfajiri, yeye alikuwa ameshafukiza mitungi kwa vijinga vya mti, na maziwa yakiingia humo yalitoka na harufu ya moshi ambayo wenye hoteli mjini waliipigania. Shida ilikuwa punda. Punda alifika mjini jua limeshakaa utosini, maziwa yameanza kuchachuka, na maziwa yaliyochachuka ukiyatia kwenye chai yanakatika. Mama mkwe alikuwa anauza nusu, nusu anarudi nayo.

Baiskeli ya mume wangu ilikuwa imeegemea ukuta ikila kutu. Nikavaa suruali yake chini ya dira, nikafunga mtandio vizuri, nikafunga mitungi kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, nikaenda. Sikumwomba mtu ruhusa. Mama mkwe aliniangalia, akaangalia mitungi, akasema tu, "Usimwage."

Mwanzo nilipita barabara kuu, ile inayopita kisimani. Sasa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu mtoto analijua kabla ya kujua kuhesabu. Maziwa yakiwa njiani hayanyimwi mtu. Ukikutana na msafiri akasema ana kiu, unasimama na unammiminia. Humwulizi ni nani wala anakwenda wapi, na sio sadaka hiyo, ni deni la njia. Ukimnyima, wanasema, chuchu za ngamia wako zitakauka, na mvua itapita mbali na boma lako. Ni desturi nzuri. Mimi mwenyewe bibi yangu alivuka kutoka Garbatulla kwa miguu akiwa na mimba ya mama yangu, na isingekuwa mtu mmoja na kibuyu chake, nisingekuwa hapa nakasirika.

Lakini pale kisimani hakukuwa na wasafiri. Kulikuwa na madalali wa mifugo, wanaume wenye vitambi, wanangojea ng'ombe wa watu wengine wanyweshwe ili waanze kupiga bei. Walikuwa wamekuja na vikombe. Sikiliza vizuri: mtu anatoka nyumbani kwake mjini asubuhi, amekunywa chai ya mke wake, anatia kikombe mfukoni, anakwenda kukaa kivulini kunisubiri. Wakiniona kwenye mteremko wananyanyuka wote.

"Aayo, mama yetu, simama kidogo. Tuko na kiu."

"Ya jana hayakuwatosha?"

"Kiu ya jana ilienda na jana. Mimina."

Na kati yao alikaa mzee mmoja mwenye ndevu za hina, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, mtu aliyesikilizwa akikohoa tu. Yeye hakuomba. Alinyoosha kikombe tu, uso ameuelekeza kwingine, kama anayelinyooshea bomba la maji. Nikifika mjini mtungi mmoja unalia ukiugonga.

Nilimwambia mama mkwe. Akasema, "Maziwa hayanyimwi." Nikamwambia wale sio wasafiri. Akasema tena, "Maziwa hayanyimwi," akaendelea kupuliza moto wake. Basi nikaona kama siwezi kuwanyima, naweza kutokutana nao.

Nikaanza kutafuta njia nyuma ya vilima. Mtu wa baiskeli akiona kilima anadhani ni cha kupandwa na kushukwa, na hapo ndipo miguu inapomfia. Mimi nilifuata ngamia. Ngamia hapandi kilima kwa hasira. Anakizunguka ubavuni, anapanda kidogo kidogo bila mtu kujua anapanda. Nikashika nyayo zao. Penye miiba nilishuka na panga. Penye mawe niliyasukuma kando kwa mguu, mengine nikayaacha kwa sababu yalikataa, nikajifunza kuyapitia katikati. Nilitobolewa magurudumu mpaka solusheni ya viraka ikaniishia, nikajaza nyasi ndani ya tairi badala ya hewa, nikafika mjini nikiruka kama niliyempanda mbuzi.

Lakini njia ilipokubali, ilikubali. Kilima cha kwanza unakizunguka kwa ubavu wa kushoto, polepole, jua liko usoni. Halafu kuna laga, mto wa mchanga mkavu, na mchanga hautaki woga: unauingia kwa kasi, usukani umeushika wima, hugeuki kabisa mpaka utoke upande wa pili. Ukigeuza usukani umekwisha. Baada ya hapo ni mgongo mrefu, unaona mji wote chini na milima ya Meru imevaa mawingu, na ndipo unapofika kwenye mteremko wa kokoto nyekundu. Pale unainuka kwenye siti, unarudisha makalio nyuma mpaka yaguse mitungi, unaiachia baiskeli itafute mahali pake, na breki unazigusa kama unavyogusa paji la mtoto mwenye homa. Chini kabisa kuna kona kali. Nilikuwa napiga kelele peke yangu pale. Sio kwa hofu. Furaha niliyoipata kwenye mteremko ule sikuipata kwenye harusi yangu, na mume wangu akisoma haya na asome.

Maziwa yakaanza kufika mapema na mitungi imejaa. Wenye hoteli wakaacha kununua kwa wengine. Mama mkwe akanunua mabati. Na kule kisimani vikombe vikakauka.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyewapelekea habari madalali kwamba ninapita nyuma ya vilima alikuwa shemeji, mdogo wa mume wangu, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta kazi. Nikaitwa barazani, kwenye duka moja karibu na msikiti, baada ya swala ya alasiri. Wanaume walikaa kwenye mikeka, mimi nikasimamishwa mlangoni kama mwizi wa kuku. Nilidhani wataniuliza kuhusu suruali. Nilikuwa nimejitayarisha kujibu kuhusu suruali. Kumbe shitaka lilikuwa uchoyo.

Mzee wa ndevu za hina ndiye aliyesema. "Huyu mtoto wetu ametengeneza njia ya kuficha maziwa. Watu wa njia kuu wamenyimwa bila kuambiwa wamenyimwa. Hii ni mbaya kuliko kunyima. Mvua ya mwaka huu mnaiona wapi?"

Nikasema, "Mzee, wale wako na chai kwao. Hawana kiu."

"Kiu ya mtu haipimwi," akasema. "Akisema iko, iko. Hii sheria sikuitunga mimi, wala baba yangu. Tumeikuta."

Wote wakaitikia kwamba wameikuta. Wakaamua nisibebe tena maziwa, na kwa kuwa baiskeli ni ya nyumba ya mume wangu na mume wangu yuko safarini, baiskeli aishike shemeji, na maziwa ayabebe yeye. Shemeji aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nilitaka kumrushia kiatu.

Kilichoniuma zaidi ni mama mkwe. Alikuwa na ngamia, alikuwa na sauti, angeweza kusema maziwa yangu hayabebwi na mtu mwingine. Hakusema. Aliamini. Mvua ilikuwa kweli imechelewa, na mwanamke yule aliyekuwa haogopi simba, aliogopa kwamba gurudumu langu limeifukuza. Mume wangu aliporudi kutoka Merti alinisikiliza huku akivua viatu, akasema hawezi kugombana na ndugu yake kwa ajili ya maziwa. Nikamwambia basi agombane naye kwa ajili ya mkewe. Akasema amechoka.

Unadhani shemeji alipita njia gani? Barabara kuu alipita siku za mwanzo tu, ili aonekane. Kisha nikasikia ameanza kupita nyuma ya vilima. Njia yangu! Ile ile ya uchoyo. Mara ya kwanza alifika kwenye laga akaogopa, akageuza usukani, akaenda chini na mitungi yake. Mama mkwe alipoambiwa alisema, "Hata mchanga una kiu," na hilo lilinipoza moyo kwa muda. Lakini alijifunza. Michirizi ya tairi zangu ilikuwa bado iko chini pale inamwelekeza kama mwalimu. Na watu wakaanza kusema, ebu oneni kijana huyu alivyo na akili, amekata njia ya mkato. Mimi nilipopita nilikuwa mchoyo, yeye alipopita akawa mhandisi. Nikawauliza wale wa barazani mbona yeye hafukuzi mvua. Wakaniambia mwanamume ana haraka ya kazi.

Hapo ndipo nilipochukua kikombe changu. Kikubwa, cha bati, cha kunywea uji.

Nilitembea mpaka ile kona iliyo chini ya mteremko wa kokoto, mahali ambapo hata shetani lazima afunge breki, nikasimama katikati ya njia. Shemeji akaja anateremka, breki zinalia, vumbi limemjaa mdomoni.

"Salaam aleikum, shemeji."

"Waaleikum salaam. Nini tena?"

"Niko na kiu."

Akanitazama. Akatazama kulia na kushoto, hakuna mtu, vilima tu. Angeweza kupita. Lakini na yeye alikuwa mtoto wa kwetu, amelelewa na maneno yale yale, na nilimwona anaogopa. Akafungua mtungi akanimiminia. Nikanywa mpaka mwisho, polepole, nikanyoosha tena.

"Walaahi shemeji, bado una kiu?"

"Kiu haipimwi. Uliza wazee."

Kesho yake nilikwenda na jirani yangu, mwanamke aliyekuwa akipeleka maziwa mjini kwa punda. Kesho kutwa tulikuwa wengi. Wanawake walikuja na vikombe, na bakuli, mmoja alikuja na sufuria, tukalazimika kumkanya kwamba tusipite mpaka. Tulijipanga kwenye kona kwa adabu kabisa, salaam aleikum, salaam aleikum, tuko na kiu. Tulicheka sana, lakini nisikudanganye, mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Kila nilipoiona baiskeli ile, keria imepinda, cheni haina mafuta, nilihisi kama naona mtoto wangu anazungushwa na mtu asiyemwogesha. Shemeji alifika mjini na mitungi inayolia. Wenye hoteli wakaanza kumtukana.

Akaenda kushtaki. Tukaitwa tena barazani, mikeka ile ile. Safari hii mama mkwe alikuja kutoka vilimani, akaketi chini nyuma yangu.

Mzee wa ndevu za hina alikuwa amekasirika kweli. "Hii ni mchezo," akasema. "Desturi ni ya msafiri. Mtu mwenye nyumba karibu sio msafiri. Mwenye nyumba akanywe kwake. Kuanzia leo, mwenye kubeba maziwa akiombwa na mtu mwenye nyumba, anaruhusiwa kukataa, na hana dhambi."

Wote wakaitikia. Waliitikia! Sheria ambayo hakuitunga yeye wala baba yake, waliyoikuta, waliitengeneza upya kabla ya magharibi ili mitungi ya mwanamume mmoja isipungue. Mkuki kwa nguruwe.

Nikauliza kutoka mlangoni, "Basi wale wa kisimani, hawana nyumba?"

Sikuwangoja, nikaendelea.

"Kosa langu lilikuwa kuwakwepa watu ambao leo mnasema ningeruhusiwa kuwanyima machoni pao. Sasa mimi nilikosa nini?"

Mzee alianza kukohoa. Kwa mara ya kwanza kikohozi chake hakikusaidia. Mama mkwe akanyanyuka, akakung'uta vumbi kwenye nguo, akasema kwa sauti yake ile ya kawaida, "Maziwa yangu yanarudi kwa huyu. Baiskeli iko wapi?" Akatoka nje, nami nikamfuata. Tuliikuta imelazwa nyuma ya duka, tairi la nyuma halina hewa. Tuliisukuma mpaka nyumbani, yeye ameshika siti, mimi usukani, na hakuna mwanamume aliyethubutu kutusemesha.

Nikarudi njiani. Niliendesha tena miaka mingi, nikazaa na kurudi. Ningesema nilishinda, na wanawake wenzangu wanasema nilishinda. Lakini neno lile lililosemwa barazani halikubaki kwetu. Lilitembea. Wabeba maziwa wote walilichukua, wa baiskeli, wa punda, baadaye wa pikapu. Ukimwomba mtu maziwa njiani anakuuliza, "Kwani huna nyumba?" na anapita. Ilikuwa rahisi sana kulisema. Watu wanapenda ubahili wenye ruhusa.

Halafu ukaja ule ukame wa miaka ya themanini, mwaka wa mahindi ya njano. Ng'ombe walikufa mpaka fisi wakachoka kula. Watu walitoka Merti, wakatoka Garbatulla, wakija mjini kwa miguu kutafuta chakula cha msaada, na barabarani wabeba maziwa waliwapita wakiuliza lile swali lao. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinisimulia kwamba aliulizwa na watu watatu kama hana nyumba. Alikuwa nayo. Ilikuwa ya miti na ngozi, na alikuwa ameiacha nyuma kwa sababu hapakuwa na mnyama wa kuibeba. Nilimmiminia mpaka mtoto akatapika. Nilikuwa nafunga mtungi kwa hasira, naye akadhani nimemkasirikia yeye.

Ngamia wa mama mkwe walistahimili, wachache, maziwa kidogo. Asubuhi moja natoka vilimani nikamwona mtu anatembea mbele yangu kwenye njia yangu, taratibu, anashikilia miti. Hakuna mtu aliyekuwa akipita pale kwa miguu, ni njia ya mzunguko. Nilipomkaribia nikajua kwa nini amepita nyuma ya vilima: hakutaka kuonekana barabara kuu. Ndevu zilikuwa zimeota nyeupe, hina imebaki kwenye ncha tu. Ng'ombe wake wote walikuwa wamekwisha huko malishoni. Aliposikia cheni aligeuka, akanyoosha kikombe. Kisha akaniona ni mimi, akakishusha.

Nilifunga breki. Nikashuka. Nikafungua mtungi, nikaushika mkononi, sikumimina.

"Mzee, uko na nyumba?"

Watu niliowasimulia wananiambia nilikuwa mkatili, mzee yule alikuwa na njaa. Najua alikuwa na njaa. Nilitaka alisikie swali hilo mahali linapoulizwa, jua kali, mate hayapo mdomoni, mbele ya mtu aliyeshika maziwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Sina," akasema, mtu ambaye nyumba yake ya mjini naijua.

Nikamjazia kikombe mpaka kikafurika mkononi mwake. Akanywa. Nikajaza tena, akanywa, na sikupunguza hasira hata tone moja.